Barua Mia na Kumi na Saba Zilizokuja Tupu

Dada yangu aliniandikia barua pepe mia moja na kumi na saba kwa miaka mitano.

Zote zilinifikia tupu.

Na zote nilizijibu.

Nasimulia haya nikiwa na akili zangu timamu, sina homa, na hakuna aliyenituma. Mtakaonicheka, chekeni. Mtakaonilaani, nafasi ipo, jongeeni.

Kwanza mnijue. Mimi ni karani wa masjala. Barua inaingia, naifungua, naipiga muhuri wa IMEPOKELEWA, naandika tarehe, naangalia pale juu palipoandikwa YAH, yaani barua inahusu nini, naingiza kwenye daftari, naitia kwenye faili lake.

Basi.

Ya ndani hayanihusu. Ya ndani ni ya wakubwa. Karibu miaka ishirini sasa mimi nasoma YAH tu. Ofisini wananiita Muhuri, na nikiitwa naitika.

Dada amenizidi miaka mitatu. Aliishia darasa la tano. Mama alianza kuugua mgongo, ikabidi mmoja wetu abaki nyumbani, akabaki yeye. Mimi nikaendelea na shule. Hajawahi kunisimanga kwa hilo, hata siku tulipogombana.

Baadaye akazaa binti mmoja. Baba wa mtoto akaingia mitini, mpaka leo hatujui miti ya wapi.

Binti alipofikisha miaka minne, Dada akapata kazi ya ndani nje ya nchi. Wakala aliyempeleka alikuwa na ofisi hapahapa mjini kwetu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mkataba wa miaka miwili. Mtoto akaachwa kwetu, mimi na Mama.

"Mdogo wangu," aliniambia siku ya kuondoka, huku anafunga zipu ya begi lisilotaka kufungika, "huyu ni wako mpaka nirudi. Mwambie kila siku namtaja."

"Nitamwambia."

Miezi mitatu ikapita. Siku moja mwenzake mmoja aliyekuja likizo akaniletea boksi dogo.

Ndani, simu.

Aisee, ile simu! Enzi hizo wengi wetu tulikuwa na za tochi. Hii ilikuwa na kioo cha rangi, kidogo kama kiberiti. Ilikuwa na kamera inayopiga picha zenye ukungu, kila mtu anatoka kama mzimu. Ubavuni ilikuwa na kijicho cheusi cha kurushia miito: mnazilaza simu mbili mezani zikitazamana, hamzigusi, hamhemi, na wimbo unahama kutoka huku kwenda kule. Mtu akikohoa meza ikatikisika, mnaanza upya. Ofisini foleni ikawa mezani kwangu. Hata bosi alikuja kuomba mlio.

Kubwa kuliko yote, ilikuwa na intaneti. Unabonyeza alama ya dunia, herufi G inatokea pembeni, vishale viwili vinapishana, halafu unasubiri mpaka chai ipoe.

Shida ilikuwa moja. Maneno yote ya kwenye simu yalikuwa ya lugha ya huko alikonunua. Tulikuwa tunakwenda kwa picha na kwa kubahatisha.

Kwenye boksi kulikuwa na karatasi, mwandiko wa Dada, herufi kubwa kama za mtoto: BOSI ANA KOMPUTA. MWANAE KANIFUNDISHA. ANUANI YANGU HII. NIANDIKIE TUTAONGEA.

Nikaipeleka simu kwa fundi mmoja karibu na ofisi, mtu mwembamba anayeongea na simu kuliko anavyoongea na watu. Akanifungulia barua pepe. Akasubiri ujumbe wa kuunganisha kutoka kwa kampuni ya simu, ukaja, akabonyeza, akaingia huku, akatoka kule.

"Kumbukumbu ya simu hii ni ndogo, dada," akasema. "Nimeiwekea mipango mizuri. Haitajaa."

Nikashukuru. Palepale tukamwandikia Dada. Siku ya tatu yake jibu likaja. Moyo paa! Nikafungua.

Juu: *Hamjambo huko.*

Chini: peupe.

Nikarudi mbio kwa fundi. "Fundi, mbona barua haina kitu?"

Akaishika, akaitazama, akabinua mdomo kama anaonja chumvi.

"Kaandika pale juu kwenye kichwa. Wanaoanza wanafanya hivyo. Kasoma mpaka wapi?"

"La tano."

"Ndiyo hivyo. Kapata maneno mawili, kashukuru Mungu. Usimwambie, utamwaibisha. Mjibu tu."

Nikaona ni busara. Mtu aliyeacha shule ili mimi nisome, leo nimwambie hajui kuandika? Nikaapa sitamgusia.

Nikamjibu: *Nimeipata. Sisi hatujambo.*

Ikawa ndiyo mtindo wetu. Kila wiki mbili, tatu, kichwa kinakuja. *Mtoto anasoma?* Najibu: *Nimeipata. Anasoma.* *Nimekumbuka nyumbani.* Najibu: *Nimeipata. Nasi tumekukumbuka.* *Tafadhali.* Hiyo nilikaa nayo. Tafadhali nini? Nikasema labda kidole kiliteleza. Nikajibu: *Nimeipata. Usijali.*

Mtoto alikuwa ananipanda mapajani. "Mama mdogo, mama kasemaje?"

"Kasema hujambo."

"Halafu?"

"Basi."

Mwaka wa kwanza aliuliza kila mara. Mwaka wa tatu alikuwa anauliza akiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Halafu akaacha. Simu ikilia yeye anaendelea kukata kucha.

Mwaka uleule wa tatu Mama alitutoka. Alfajiri, kimyakimya, kama mtu aliyeondoka kwenye mkutano asisumbue wenzake.

Nikamwandikia Dada: *Mama ametutoka leo alfajiri. Tunamzika kesho.*

Jibu likanikuta msibani, nimezungukwa na mashangazi.

Neno moja. *Pole.*

"Dada yako kasemaje?" shangazi mkubwa akauliza.

"Kasema pole."

"Pole na nini?"

"Pole, Shangazi. Basi."

Wakaangaliana. Pole! Kama unavyompa jirani aliyejikwaa. Mwanamke aliyemwogesha yule mama miaka yote, leo anamzika kwa neno moja? Kuna kitu kilikatika ndani yangu siku ile, na wala hakikutoa sauti.

Kwa simu ya kawaida alipiga mara mbili tu katika miaka yote mitano. Mara ya pili ilikuwa baada ya msiba. Namba ngeni, sauti ya chini sana, na nyuma yake maji yanachuruzika kama bomba limeachwa wazi.

"Mdogo wangu. Barua zangu umezisoma?"

"Nimezisoma zote."

"Zote?"

"Zote, Dada. Si nakujibu?"

Maji yakaendelea kuchuruzika.

"Kwa hiyo hakuna la kufanya?"

"La kufanya kuhusu nini?"

Nikadhani simu imekatika.

"Haya," akasema. "Mbusu mtoto."

Mkataba wa miaka miwili ukawa mitatu, mitatu ikawa mitano. Mimi nikasema raha zimemkolea. Nikawaambia na watu.

Barua ya mwisho kichwa chake kilikuwa *Nakuja.* Nikajibu: *Nimeipata. Karibu.*

Akaja Jumapili asubuhi, peke yake, na begi moja. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Mkono wake wa kushoto vidole vilikuwa vimejikunja kama vinashika kitu ambacho hakipo, na ngozi ya mgongo wa kiganja ilikuwa inang'aa.

"Dada! Mkono umepatwa na nini?"

Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye unaniuliza?"

Nikaona ni maringo. Ughaibuni kumempanda kichwani, nikasema moyoni.

Wiki hiyohiyo akamchukua mwanae, akapanga vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Akaanza kulea watoto wadogo wa kina mama wanaokwenda kazini. Anawatandikia mikeka asubuhi, anawaogesha, anawalaza mchana, kwa mkono mmoja na nusu.

Miaka miwili mimi na dada yangu tuliishi mji mmoja tukisalimiana kama watu wa kaunta.

"Hujambo?"

"Sijambo."

Anayefuata.

Sasa sikilizeni.

Mwaka huu ile simu ikafa. Kioo kikawa cheupe, hakikurudi tena. Mchana mmoja, saa ya mapumziko, nikaingia duka la simu. Binti wa dukani, kucha ndefu, akanitolea simu ya kisasa, akaiwasha.

"Mama, una anwani ya barua pepe? Inahitajika hapa."

"Ninayo ya zamani. Sijaigusa tangu dada yangu arudi."

Tukaiandika. Nikamtajia neno la siri. Ikakubali. Binti akatazama kioo.

"Una barua nyingi za mtu mmoja."

"Tupu hizo. Zifute."

"Tupu?" Akaanza kusukuma kwa kidole. Akasukuma, akasukuma. "Mama, hii ni ndefu mpaka kidole kinachoka."

Nikamnyang'anya simu.

Juu: *Hamjambo huko.*

Chini, hakukuwa peupe.

*Mdogo wangu mpenzi nimekaa kwenye komputa ya watu wamelala mchana. Nina mengi sijui nianzie wapi. Mwambie mtoto hapa kuna paka mweupe ana jicho moja la buluu na moja la kijani nimempa jina lake...*

Nikafungua nyingine. Ndefu. Nyingine. Ndefu. Maneno hayana mkato, hapa na pale r na l zimebadilishana viti, lakini kurasa na kurasa.

Binti wa dukani akanielewesha bila kuinua macho. Simu zile za mwanzo zilikuwa zinaweza kupangwa zichukue vichwa vya barua tu, ili zisijae na mtandao usikwame. Ukitaka barua yenyewe, unaingia kwenye menyu, unachagua iletwe. Inakuja yote.

"Kitufe kimoja tu, mama. Hukukijua?"

Sikukijua.

Nikafungua *Tafadhali.*

*Pasipoti yangu wameichukua wameifungia. Siruhusiwi kutoka. Nenda kwa wakala pale juu ya duka la vitambaa waambie kuna karatasi ya mkataba kwenye sanduku la Mama. Wewe umesoma watakusikiliza. Ni dakika ishirini kwa miguu kutoka ofisini kwako. Tafadhali nenda hata kesho.*

Chini yake, jibu langu. *Nimeipata. Usijali.*

Nikafungua nyingine. Pasi ya moto, mkono, siku tisa bila daktari. Jibu langu: *Nimeipata. Sisi wazima.*

Nikafungua *Pole.* Hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Siwezi kuiandika hapa. Nitasema tu kwamba aliomba tumsubiri siku mbili, akijaribu kutoroka aje kumzika mama yake, na akasema akijibiwa "hapana" ataelewa.

Jibu langu lilikuwa: *Nimeipata.*

Mtaniuliza nililia?

Sikulia. Nilimuuliza binti kama simu ile ina kifuniko cheusi. Akasema kipo cheusi na cha bluu. Nikachukua cheusi. Nikarudi ofisini, nikapiga mihuri mpaka saa kumi. Mwenzangu wa meza ya pili akaniambia, "Muhuri, leo umefanya kazi ya watu watatu." Nikasema ndiyo.

Siku nne nilikaa hivyo. Nakula, sijui nimekula nini. Naoga, nasahau kama nimeoga, naoga tena. Mwili ulikuwa kama mguu uliolaliwa: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Ya tano, Jumamosi, nikaenda kwa Dada.

Nilimkuta uani anasuuza vikombe vya plastiki vya watoto wake wa kulea. Binti yake, sasa ana miaka kumi na moja, alikuwa chini anakunja mikeka.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Karibu." Hakuinuka.

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikamweleza yote. Fundi, vichwa, kitufe. Nikamwonyesha simu. Nikasema nilidhani hajui kuandika, na niliona aibu kumuuliza.

Alisuuza vikombe mpaka vikaisha. Kisha akavisuuza tena.

"Kwa hiyo hukusoma."

"Sikusoma."

"Hata moja."

"Hata moja, Dada."

Nikajiandaa: atanikumbatia, au atanipiga. Vyote viwili nilivitaka.

Akasema, "Afadhali ungekuwa ulisoma."

Sikuelewa.

"Nilikuchukia," akasema, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Mkono ulipoungua, nilikuchukia wewe, siyo wao. Wao ni watu baki. Nilijiambia, sifii hapa, lazima nirudi nimwangalie usoni yule msomi wangu. Muuguzi wa huko aliyenisaidia kutoroka aliniuliza nguvu nazitoa wapi. Nilizitoa hapo. Chuki yangu juu yako ndiyo iliyonirudisha nyumbani." Akageuza kikombe cha mwisho kifudifudi. "Sasa unaniambia hukuwa na kosa. Hiyo chuki niipeleke wapi?"

Karani wa masjala hana faili la kitu kama hicho.

Binti yake alikuwa ameacha kukunja mikeka.

"Mama mdogo," akasema. "Paka wa jicho la buluu yumo humo?"

"Unamjuaje?"

"Mama alinisimulia aliporudi. Nikamwambia anatunga, kama si kutunga angeniandikia."

Dada akaangalia pembeni. Halafu akavuta kigoda kwa mguu, akakaa.

"Msomee," akaniambia. "Mimi nimeshasahau nilichoandika."

Nikasoma ya kwanza. Kwa sauti, na makosa yake yote, sikurekebisha hata herufi moja. Nilipomaliza, nikaaga, nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nikasoma ya pili na ya tatu. Ikawa hivyo. Nasoma, na ikifika pale ameuliza swali, nalijibu palepale, kwa mdomo. Mvua zilinyesha? Hazikunyesha mwaka ule, Dada, tulinunua maji. Jino la mtoto limeng'oka? Yaling'oka mawili, moja alilimeza. Yeye anasikiliza huku mkono wake mzima unafanya kazi nyingine. Hatulii. Hatushikani mikono. Ukipita nje ungedhani ni mkutano wa kikoba, watu wanahesabu akiba.

Wiki iliyopita tukafika kwenye *Tafadhali.*

Nilitaka kuiruka. Akasema, "Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye dakika ishirini kwa miguu, Dada akasimama. Kigoda kikaanguka.

"Dakika ishirini!" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake, hata utotoni. Watoto wa kulea wakaamka. "Dakika ishirini, na wewe kila siku unapita chini ya lile ghorofa kwenda kazini! Neno Tafadhali limesimama peke yake, wewe na elimu yako hukujiuliza tafadhali nini? Mtu wa darasa la tano angejiuliza! Mtoto angejiuliza! Uliniona mjinga, ukaita heshima! Toka! Toka kwangu!"

Nikatoka. Kiatu kimoja nimevaa, kingine mkononi.

Nikatembea mpaka kona ya mashine ya kusaga. Hapo kifua kikaanza kuniuma. Uchungu halisi, wa kuinama. Nikashika ukuta wenye unga, nikalia mpaka msagaji akazima mashine aje kuona kuna nini.

Tangu siku ya duka la simu, ilikuwa mara ya kwanza nahisi kitu.

Jana mchana nilipata ujumbe mfupi wa Dada. Nilikuwa masjala, muhuri mkononi. Nikausoma wote, mara tatu, kuhakikisha hakuna kilichobaki chini.

*Jumamosi njoo mapema. Zimebaki nyingi na ile ya Mama nataka tuisome kabla watoto hawajalala nisije nikawaamsha tena.*

Nilimpigia. Sikuandika. Nikamuuliza amekula, mkono unamuumaje siku hizi, na kama nije na kitu. Akasema nije na sabuni.

Ndugu zangu mliosoma mpaka hapa, simu ile haikuwa mbovu. Fundi hakuwa mwovu. Nami sikuwa mkatili. Nilikuwa tu mtu aliyeona neno moja likasimama peke yake, akatosheka nalo.

Ukiletewa neno moja na mtu wako, usimhukumu, na usimsitiri. Muulize. Heshima inayoogopa kuuliza ni dharau iliyovaa nguo safi.